Bundi wa Godegode na saa mbili za abiria

Taarifa ilikuwa fupi, na watu waliicheka siku nzima. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache tu tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, treni moja ilisimama porini kati ya Kidete na Godegode kwa kama saa mbili. Shirika la Reli Tanzania (TRC) likaomba radhi. Likaeleza kwamba kulitokea hitilafu kwenye mfumo wa umeme wa reli, na kwamba walioshukiwa kuisababisha ni wanyama: ngedere na bundi.

Mitandao haikulala. Bundi kwetu ana sifa zake. Akilia juu ya paa usiku, kuna bibi atakayetoka na kijinga cha moto amfukuze kwa maneno ambayo mchana hawezi kuyatamka mbele ya wajukuu. Sasa ndege huyo huyo amesimamisha treni ya matrilioni ya shilingi! Wapo waliouliza kama alikuja kwa miguu yake au alitumwa. Wapo waliosema shirika limeshindwa kazi, linamsingizia ndege asiyeweza kuja mahakamani kujitetea.

Mimi niko upande wa wachache. Naiona taarifa ile kuwa miongoni mwa maelezo bora ya ucheleweshaji yaliyowahi kutolewa kwa abiria wa nchi hii. Ilitaja mahali. Ilitaja kilichoharibika. Ilitaja mshukiwa, hata kama mshukiwa mwenyewe alichekesha. Abiria wa Tanzania amezoea kuambiwa kwamba chombo kimechelewa kwa sababu za kiufundi zilizo nje ya uwezo wa wahusika, kisha anatakiwa atosheke. Ukimtajia bundi, atakucheka, lakini kesho yake ataanza kuuliza maswali ya maana: kwa nini bundi alifika pale, na mmemwekea kizuizi gani asirudi?

Tuache mzaha kidogo, tupande nguzo.

Kando ya reli ya kisasa zimepangwa nguzo mwendo wote, na kila nguzo imenyoosha mkono kuelekea katikati ya njia. Mkono huo umeshika waya ambao treni huugusa kwa juu na kuchota umeme. Waya una volti 25,000. Nguzo yenyewe imeungwa na ardhi. Vinavyotenganisha waya na chuma cha nguzo ni vikombe vya kuzuia umeme, pamoja na pengo la hewa ambalo sehemu nyingine linaweza kuwa fupi kuliko rula ya mwanafunzi wa darasa la tano.

Ndege mdogo akitua juu ya waya peke yake hapati madhara, na ndiyo maana unawaona wamejipanga huku treni inapita chini yao. Shida huanza pale kiumbe mmoja anapogusa vitu viwili kwa pamoja. Bundi mkubwa akitanua mabawa anapita mita moja. Anapenda nguzo ndefu kwa sababu ya kazi yake ya usiku: anakaa juu, anatega sikio, panya akipita chini anashuka. Ngedere naye ana mikono, miguu na mkia, na desturi ya kushika kila kilicho karibu naye. Mmoja wao akiunganisha waya na chuma, umeme unapata njia ya kwenda ardhini kupitia mwili wake, na kule kwenye kituo cha kupozea umeme swichi kubwa inakata mkondo kabla hujapepesa jicho. Ikikawia, waya utaungua na kukatika, na hapo hatutazungumzia tena saa mbili.

Abiria anauliza: umeme umekatika, si muurudishe? Kwa kawaida hilo ndilo la kwanza linalojaribiwa, tena kwa mitambo yenyewe. Kama mnyama ameanguka chini, umeme unarudi na safari inaendelea. Kama mzoga umenasa kwenye mkono wa nguzo, au kikombe kimepasuka, swichi inakata tena. Kuanzia hapo kazi inakuwa ya macho na miguu. Mafundi watoke kambini kwao, wafike kwenye kipande kilichozimika, watazame nguzo baada ya nguzo, na kama ni usiku watazame kwa tochi. Wakishaiona shida, hawapandi hivi hivi. Waya lazima uthibitishwe kuwa umezimwa na uungwe na ardhi kwanza, la sivyo fundi atamfuata bundi. Kisha watoe kilichonasa, wakague kikombe, washuke, watoe taarifa chumba cha kuongozea treni, ndipo umeme urudishwe. Mtu aliyekaa kwenye kiti bila kiyoyozi hawezi kuyaona haya. Kwake yeye treni imesimama tu, na hakuna mtu anayefanya lolote.

Mahali penyewe napo pana historia. Kilosa iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100. Kati yao reli inapanda uwanda wa kati kwa kulifuata bonde la Mkondoa, lililobanwa na milima ya Ukaguru upande mmoja na Rubeho upande mwingine. Kidete, Godegode na Gulwe ni majina ambayo kila aliyewahi kufanya kazi reli anayajua, na hayajui kwa mema. Mto Kinyasungwe unashuka kutoka Dodoma ukiwa mkavu miezi mingi ya mwaka, hata mgeni anaweza kudhani ni barabara ya mchanga. Mvua za Desemba zikianza, unakumbuka kwamba ni mto.

Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe. Matuta yalikwenda na maji, mataruma yakabaki yananing'inia kwenye reli kama ngazi iliyolazwa hewani. Treni ya abiria ya Kigoma na Mwanza ikawa haianzii tena Dar es Salaam. Msafiri alipanda basi hadi Dodoma, akabeba mizigo yake na watoto wake, akaipandia treni huko. Wahandisi wa reli ya kisasa walilijua hilo bonde kabla hawajafika, na ndiyo maana mkandarasi Yapi Merkezi wa Uturuki alilazimika kutoboa milima: mahandaki manne upande wa Kilosa, yenye jumla ya kilomita zisizopungua mbili na nusu, na madaraja na matuta marefu yaliyoinuliwa kuyapa maji njia yake. Maji yalifikiriwa vizuri. Wenyeji wengine wa bonde, wenye manyoya, wakakuta wamesimikiwa nguzo mpya.

Mtu wa uwanda wa kati hakuanza kuijua treni juzi. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 wakaigusa Kigoma. Dodoma kama mji imekua pembeni ya stesheni. Na kwa zaidi ya miaka 100 treni hiyo imefundisha watu aina fulani ya subira. Treni ikisimama Gulwe au Igandu, stesheni inageuka gulio. Akina mama wanakuja mbio na mabeseni kichwani: mayai ya kuchemsha, kuku wa kuchoma, karanga, miwa, ubuyu. Biashara inafanyika dirishani, mwenye kuku chini na mwenye pesa juu, na kuna kijana ambaye kazi yake ni kukimbia na chenji treni ikianza kuondoka. Mwenye hamu ya kunyoosha miguu anashuka. Mwenye usingizi analala. Akifika na kuulizwa kwa nini amechelewa, anajibu, "Nimekuja na treni," na maelezo yameishia hapo.

Kwa mizani hiyo, treni iliyochelewa saa mbili ilikuwa imewahi.

Reli ya kisasa imeivunja mizani hiyo, na imeivunja makusudi. Safari za Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza Juni 14, 2024, za Dodoma zikafuata Julai 25, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi Agosti 1. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma iliwekwa shilingi 31,000. Treni imejengewa njia ya kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Safari ambayo kwa basi hula siku, ukihesabu foleni ya Kimara, mizani na chakula cha mchana cha kulazimishwa pale dereva anapopendelea, ikawa chini ya saa nne. Novemba mwaka huohuo ikaja treni ya mchongoko, ile yenye pua ndefu, nayo ikapunguza zaidi.

Na hapo Dodoma ikabadilika tabia kwa haraka kuliko ilivyobadilika kwa miaka 40. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ni wa mwaka 1973. Kwa muda mrefu ulibaki kwenye makaratasi, na watumishi wakabaki Dar es Salaam wakija huku kwa vikao vya Bunge. Mwaka 2016 Rais John Magufuli akasema sasa tunahama, na Mji wa Serikali ukaanza kuota Mtumba. Ofisi zilihama. Familia nyingi hazikuhama. Mke ana kazi yake Temeke, watoto wako shule Tabata, nyumba ya mkopo iko Kimara na bado inalipwa. Baba, au mama, akawa mtu wa Ijumaa: Ijumaa jioni anashuka pwani, Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri anapanda uwanda. Kwa basi, maisha hayo yalikuwa ni adhabu, na wengi waliyaishi mara moja kwa mwezi. Kwa treni yamekuwa ya kila wiki.

Kwa hiyo reli yetu haikupata tu abiria wa safari ndefu. Ilipata abiria wa kwenda kazini na kurudi, wale ambao Dar es Salaam iliwajua tangu Oktoba 2012 zilipoanza treni za mjini zilizoitwa za Mwakyembe, ya Ubungo Maziwa na ya Mwakanga. Tofauti ni kwamba huyu wa sasa nyumba yake na ofisi yake vimetengana kwa zaidi ya kilomita 400. Abiria wa namna hii ana mahitaji ya peke yake. Anayekwenda Kigoma kwa msiba akichelewa saa mbili anasikitika. Mwenye kikao cha Katibu Mkuu saa tatu asubuhi Mtumba akichelewa saa mbili hana tena sababu ya kufika. Ameipangia treni wiki yake nzima, na hitilafu moja ya nguzo moja inaivuruga wiki hiyo.

Nguzo moja kweli? Ndiyo, na sababu iko kwenye hesabu ambayo wengi huisoma bila kuitafakari. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kinatajwa kuwa na urefu wa kilomita 300. Kati ya hizo, njia kuu ni kilomita 205, na 95 ni njia za pembeni na za kupishania. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora kina kilomita 422: njia kuu 336, za kupishania 86. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya safari treni ina njia moja tu, ya kwenda ndiyo ya kurudi. Treni zinapishana stesheni. Iliyotoka Dodoma inasubiri Kilosa au Kidete iliyotoka Dar es Salaam ipite, kisha inaendelea. Ratiba ya namna hiyo inapendeza siku ambayo kila mmoja yuko mahali pake. Moja ikikwama Godegode, ile ya kupishana nayo haina pa kupita, nayo inakwama Gulwe huku umeme wake ni mzima na dereva wake hana kosa. Ya nyuma yake inasubiri. Na yale mabehewa yanayosubiriwa Dodoma yageuze kurudi pwani jioni bado hayajafika. Bundi mmoja anaweza kuchelewesha watu ambao hawajafika hata stesheni.

Umeme siyo kitu pekee kinachoweza kuisimamisha treni, na pengine siyo kinachosumbua zaidi reli za dunia. Kuna pointi, zile ncha za reli zinazosogea kuipeleka treni njia hii au ile. Mota ya pointi ikishindwa kuzibana ncha hizo sawasawa, kwa kokoto moja tu iliyoingia katikati, taa haitakubali kuwa kijani. Kuna vifaa vya kuhesabu ekseli vinavyofungwa kwenye reli katika njia nyingi za kisasa: vinahesabu magurudumu yanayoingia kwenye kipande cha njia na yanayotoka. Zikiingia ekseli 32 na zikahesabiwa 31 zilizotoka, mtambo hauna namna ya kujua kama kifaa kimekosea au kuna behewa limebaki nyuma. Unachukulia la pili. Kipande kinabaki chekundu hadi binadamu athibitishe. Reli yetu inaongozwa kwa mfumo wa Ulaya wa mawasiliano ya redio, ambao humpa dereva ruhusa ya mwendo kwenye kioo mbele yake na kumfungia breki akikaidi. Redio ikipotea, ruhusa inakwisha, treni inasimama.

Vyote hivi vimejengwa juu ya kanuni moja: kifaa kikiharibika, kiharibike kwa upande wa kusimama.

Watu wa Dodoma wana sababu ya kuielewa kanuni hiyo kuliko Mtanzania mwingine yeyote. Asubuhi ya Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyojaa ilikuwa inaupanda mlima kati ya Msagali na Igandu ikapata matatizo ya breki. Haikusimama. Ilirudi nyuma, ikashika kasi kwenye mteremko, ikaigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Ni moja ya ajali mbaya kabisa za reli katika Afrika, na ilitokea kwenye mteremko uleule ambao leo reli ya kisasa inaupanda, ikiwa na stesheni yake Igandu. Wapo watu wazima Dodoma ambao hadi leo wakiliona jina hilo kwenye ratiba wananyamaza kidogo.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu analalamika kwamba treni imesimama "bila sababu" karibu na Igandu, nampa haki ya kulalamika, lakini simpi neno lile "bila sababu". Treni iliyosimama kwa sababu kifaa kimoja hakina uhakika inatimiza kazi ambayo ile ya 2002 haikuweza kuitimiza. Tatizo langu na ucheleweshaji liko kwingine kabisa.

Kabla sijalifikia, niwatetee kidogo ngedere wetu, maana wamesemwa kana kwamba ni balaa ya Tanzania peke yake. Juni 7, 2016 kima mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma, na Kenya karibu yote ikaingia gizani kwa saa kadhaa. KenGen, kampuni inayozalisha umeme huko, walitoa taarifa na picha ya mtuhumiwa, ambaye alinusurika. Mei 2019, kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu huko Japani, nchi ambayo treni ikichelewa dakika moja watu huombwa radhi, umeme wa reli ulikatika na treni 26 zikafutwa. Abiria kama 12,000 waliathirika. Mafundi walipofungua kisanduku cha umeme kando ya reli walimkuta koa, yule konokono asiye na nyumba, amejibanika humo. Kampuni ya reli haikusema ni sababu za kiufundi. Ilisema ni koa, ikakagua visanduku vingine vya aina hiyo kuona kama vina mwanya.

Hapo ndipo utani wetu ulipotuponza. Koa wa Kyushu alileta ukaguzi wa visanduku. Bundi wa Godegode alileta vichekesho, na vichekesho vina ubaya wake: vinamfanya msemaji wa shirika ajute kusema ukweli. Wakati mwingine akipelekewa taarifa ya kuandika, atakumbuka alivyochekwa, ataandika "hitilafu" na kuweka nukta. Sisi ndio tutakuwa tumemfundisha.

Dawa ya mnyama kwenye nguzo inajulikana. Waya karibu na nguzo hufunikwa kwa ala ya plastiki ngumu, juu ya nguzo huwekwa miiba au sahani za kumzuia ndege kutua pabaya, na kwenye shina huwekwa kola pana ambayo ngedere hawezi kuivuka. Miti iliyo karibu hukatwa matawi. Hakuna la ajabu humo. Linalohitajika ni kujua nguzo zipi, na hilo hujulikana kwa kuandika kila tukio: saa ngapi, kilomita ya ngapi, mnyama gani, dakika ngapi zilipotea. Kwa binadamu mwizi ni hivyo hivyo. Polisi wameshawahi kuwakamata watu kwa wizi wa nyaya za reli hii, na nina hakika daftari la matukio lingeonyesha kuwa mwizi naye ana vipande vyake anavyovipenda.

Daftari hilo bila shaka lipo ndani ya shirika, kwa sababu reli haiendeshwi bila daftari. Hoja yangu ni kwamba abiria naye alione. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayopanga nauli, na inapopanga nauli huita maoni ya watu. Ingefaa kila robo mwaka iweke hadharani jambo dogo tu: treni ngapi ziliondoka, ngapi zilifika ndani ya dakika 15 za ratiba, na zilizochelewa zilichelewa kwa nini. Umeme wa gridi kiasi gani, vifaa vya njia kiasi gani, wanyama kiasi gani, mabehewa mabovu kiasi gani. Leo hatuna namna ya kujua kama reli inaimarika au inachoka. Tunapima kwa kelele. Wiki ambayo treni imekwama na waheshimiwa ndani yake, reli ni mbovu. Wiki ambayo imekwama na wakulima wa zabibu, reli ni nzima.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa abiria robo ya nauli yake treni ikichelewa kuanzia dakika 60, na nusu ikifika dakika 120. Kwa bei ya Dodoma, saa mbili za Godegode zingekuwa shilingi 15,500 kwa kila kiti. Sisemi tuanze kesho. Reli changa ikitozwa hivyo itaona afadhali kurefusha ratiba kwenye karatasi ili isichelewe kamwe. Lakini kuna kitu cha Kijapani kisichogharimu chochote. Treni ikichelewa, hata dakika tano, stesheni inatoa kijikaratasi chenye tarehe na dakika zilizopotea, abiria anakipeleka kwa bosi wake au kwa mwalimu. Fikiria kijikaratasi hicho mezani Mtumba, Jumatatu asubuhi, kwenye ofisi ambayo kila aliyechelewa amesingizia treni, hata aliyelala Area C, hapo hapo Dodoma.

Ndani ya behewa nako kuna la kurekebisha, na ni rahisi kuliko ala za plastiki. Treni ya zamani ikisimama, dirisha linafunguka na habari inapita: konda anamwambia muuza mayai, muuza mayai anawaambia wote. Behewa la kisasa limefungwa vioo. Umeme wa juu ukikatika, kiyoyozi kinanyamaza, taa zinabaki kwa betri, joto linaanza kupanda taratibu, na nje hakuna gulio, kuna miombo na giza. Dakika kumi za kwanza watu wanapiga simu. Dakika ya ishirini mtoto anaanza kulia na kuna mzee atakayesema kwa sauti kwamba enzi za Wajerumani mambo hayakuwa hivi. Katika hali hiyo sauti ya mhudumu kwenye spika ni sehemu ya vifaa vya reli sawasawa na kikombe cha nguzoni. Aseme tuko wapi, nini kimetokea, mafundi wameshatoka au bado, na kwamba atasema tena baada ya dakika 20 hata kama hana jipya. Sharti la mwisho ndilo gumu, maana hakuna anayependa kusimama mbele ya watu kusema hana jipya.

Kisha kuna saa ya kufika. Treni iliyotakiwa kuingia Stesheni ya Samia, Dodoma, saa nne usiku ikiingia saa sita, saa mbili zilizopotea njiani zinaongezewa nyingine mlangoni. Daladala zimelala. Bodaboda waliobaki wanajua kwamba umebaki huna jinsi, na bei inapanda kwa kasi ambayo mchongoko wenyewe haujaifikia. Mwanamke aliyesafiri peke yake na watoto wawili anapiga hesabu kati ya kulipa bei hiyo, kupanda pikipiki ya mtu asiyemjua usiku wa manane, au kukaa kwenye kiti cha stesheni hadi kupambazuke. Hili haliingii kwenye kitabu chochote cha hitilafu za njia, wala si kosa la fundi wa umeme. Lakini halmashauri ya jiji, chama cha madereva wa daladala na shirika la reli wanaweza kulimaliza kwa kikao kimoja: mabasi mawili ya zamu, yenye nauli iliyoandikwa, yanayoondoka treni ya mwisho ikishafika, iwe saa nne au saa nane. Chumba cha kuongozea treni kinajua tangu Godegode kwamba treni itachelewa. Dereva wa basi la zamu apigiwe simu hiyohiyo.

Kazi haiishii Makutupora. Kipande cha kutoka hapo hadi Tabora kina kilomita 368, kikipita vichaka vya Itigi, kisha kuna cha Tabora hadi Isaka, cha Isaka hadi Mwanza, na tawi la Kigoma lenye kilomita 506. Zote ni nguzo, mikono na vikombe vya kusimikwa katika nchi yenye ndege na nyani wake, kama bonde la Mkondoa. Mikataba imeshasainiwa na michoro ipo. Ala na kola za nguzo zikiwekwa wakati waya unafungwa, kazi inafanyika chini, mchana, bila abiria anayesubiri. Zikisahaulika, zitawekwa baadaye, moja moja, usiku, na treni mbili zimesimama.